Maembe ya Makueni yalivyompa mwanangu hamu ya kula

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mapema mwaka huu, mwezi wa Januari, methali hiyo niliiona ikigeuka juu chini. Mwenyeji wetu huko Makueni alikuwa mzima wa afya, na mgeni ndiye aliyehitaji kupona. Mgeni mwenyewe alikuwa na umri wa miezi saba na meno mawili, na alikuwa amekataa kula.

Mpenzi msomaji, kabla sijakupakia kwenye matatu, yafaa nikueleze kilichotutoa Nairobi.

Binti yangu alipotimiza miezi sita, nilifuata ushauri wa kliniki. Hadi wakati huo alikuwa akinyonya maziwa yangu pekee, bila maji wala uji. Nikamwanzishia papai la kupondwa. Siku mbili za kwanza alilila huku akipiga meza kwa furaha. Siku ya tatu nilikuwa na haraka ya kwenda kazini. Nikaponda papai alfajiri, nikalitia katika kibakuli chenye kifuniko, nikamwagiza msichana anayenisaidia nyumbani amlishe kidogo asubuhi na kilichosalia amlishe alasiri. Jikoni mwetu hamna friji.

Usiku huo mtoto akaanza kuhara. Kwa siku mbili nilishinda nikimnywesha maji ya ORS kijiko baada ya kijiko na kumpa tembe za zinki alizoandikiwa, nikimnyonyesha kila alipotaka, huku nikimtazama utosi kuona kama umebonyea. Alipona. Hofu yangu ndiyo iliyokataa kupona. Niliapa kwamba tunda la sokoni halitaingia tena kinywani mwake.

Badala yake nilianza kununua vichupa vya matunda yaliyosagwa kutoka supamaketi, vile vyenye picha ya tufaha jekundu. Bei yake ilinikata maini, na mtoto mwenyewe alikuwa akikitema kijiko cha kwanza na kufumba mdomo kabla ya cha pili. Baada ya mwezi mmoja nilimpeleka kliniki kupimwa uzani. Muuguzi aliweka nukta kwenye ule mchoro ulio ndani ya kijitabu cha afya ya mama na mtoto, akaiunganisha na nukta ya mwezi uliotangulia, kisha akanyamaza. Mstari ulikuwa umelala.

"Mama, mstari huu haupaswi kulala," aliniambia. "Ukianza kushuka, tutakuwa na kazi kubwa." Nilipomsimulia habari ya papai, alitikisa kichwa. "Papai halikuwa na kosa. Kosa ni zile saa nane lililokaa kibakulini."

Jioni hiyo nilimpigia mama simu. Naye hakunipa nafasi ya kulia. "Mlete huku," alisema. "Maembe yanaanguka ovyo shambani, nawe unanunua matunda ya chupa?"

Safari ya kwenda Wote

Tulipanda matatu asubuhi na mapema katika kituo cha Machakos Country Bus. Barabara ya Mombasa ilikuwa imejaa malori kama kawaida yake. Tuliupita mji wa Mto Athi na viwanda vyake vya saruji, kisha nyika ikafunguka pande zote mbili. Kwenye makutano ya Kyumvi tukaiacha barabara kuu tukaelekea Machakos, na kutoka hapo tukateremka kupitia Katumani, mahali ambapo jina lake linajulikana na kila mkulima wa nchi kavu kwa sababu ya mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi.

Baada ya Katumani ndipo unapoanza kuwaona wenyewe. Maembe! Yako kwenye ndoo kando ya barabara, kwenye magunia, kwenye mikokoteni ya punda, na juu ya vichwa vya watoto. Msimu wa maembe huku Ukambani huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kupamba moto Desemba hadi Februari. Kila matatu inaposimama, madirisha hujaa mikono iliyoshika matunda.

Kando yangu aliketi nyanya mmoja aliyekuwa akirudi kwake Kathonzweni. Alimtazama binti yangu, akamtazama mwuzaji aliyekuwa akininyoshea embe la manjano tupu, kisha akaninong'oneza, "Hilo usimpe mtoto. Linuse kwanza."

Nililinusa. Halikuwa na harufu yoyote.

"Limelazimishwa kuiva," alisema. "Embe lililoiva lenyewe utalijua ukiwa umefumba macho."

Alichokuwa akikisema kinajulikana sokoni. Wapo wafanyabiashara wanaochuma maembe machanga na kuyavundika kwa kalsiamu kabaidi, ile kemikali ambayo mafundi huitumia kupata gesi ya kuchomelea vyuma. Ikipata unyevu hutoa gesi inayoligeuza ganda kuwa la manjano kwa siku moja au mbili, huku nyama ya ndani ikibaki ngumu, nyeupe karibu na kokwa, na isiyo na utamu. Isitoshe, kabaidi yenyewe aghalabu huwa na chembechembe za sumu ya aseniki. Mtu mzima hapaswi kula uchafu huo, seuze mtoto wa miezi saba.

Chini ya mwembe

Nyumbani kwetu si mbali na mji wa Wote. Ukisimama uani unauona mlima wa Nzaui kwa mbali, na chini yako unauona mto ambao mwezi wa Januari huwa na mchanga mwingi kuliko maji. Mama yangu alitupokea langoni. Hakuuliza habari za safari. Alimtoa mtoto mgongoni mwangu, akampima kwa mikono yake miwili kama mtu anayepima debe la mahindi, akasema, "Mwepesi." Neno hilo moja liliniuma kuliko mstari wa muuguzi.

Hata hivyo hakukimbilia jikoni. Alimbeba hadi chini ya mwembe, akaketi naye kwenye mkeka, akamwekea embe zima mbele yake. Lilikuwa la aina ya epo, lile la mviringo lenye shavu jekundu, ambalo wakulima wengi wa Makueni wamelipanda pamoja na keni, tomi na ngowe. Mtoto aliligusa. Akalisukuma. Akaliinamia na kulilamba ganda, nami nikaruka kumzuia.

"Limeshaoshwa," mama alisema bila kugeuka. "Mwache alijue. Wewe ungekula kitu kilichofichwa ndani ya chupa ambacho hujawahi kukiona?"

Nilinyamaza. Kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa nikimfuata mwanangu na kijiko mbio mbio, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Sikuwahi kumwonyesha chakula kabla ya kumtia mdomoni.

Somo la kwanza la mama lilikuwa kuchagua. Embe la mtoto huchumwa likiwa limekomaa mtini, si lile lililoanguka na kupasuka. Likibonyezwa kwa kidole gumba hubonyea kidogo, na penye kikonyo hutoa harufu. Kisha alinionyesha jambo ambalo sikulijua: tundu dogo kama la sindano kwenye ganda, limezungukwa na doa laini. "Hapo nzi ametaga," alisema. Nzi huyo wa matunda, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa humu nchini mwaka wa 2003 na amewatia wakulima wa maembe hasara isiyosemeka. Ukilikata embe kama hilo utakuta mabuu. Mama aliyatupa matatu kabla ya kupata moja lililomridhisha.

Mikono, maji na wakati

Somo la pili lilifanyika jikoni, na ndilo lililonigusa zaidi kwa sababu ya yale yaliyonipata Nairobi. Maji kwetu ni ya kuchota kwenye mchanga wa mto. Mama huyachemsha hadi yatokote, akayafunika, akayaacha yapoe ndani ya sufuria ile ile. Alinawa mikono kwa sabuni, akainawisha ya mtoto pia. Kisu, kijiko, bakuli na chujio la waya alivimwagia maji moto. Embe akaliosha kabla ya kulimenya, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu huupeleka uchafu huo hadi kwenye nyama, na utomvu wa ganda unaweza kumwasha mtoto midomoni.

Kisha akalimenya, akakata mashavu yake mawili, akayaweka juu ya chujio na kuyakandamiza kwa mgongo wa kijiko. Chini kilishuka kitu laini cha rangi ya machweo, na juu zikabaki nyuzi. Basi! Hakutia sukari, wala chumvi, wala maji. Mchanganyiko ulipoonekana mwepesi, aliponda kipande cha ndizi mbivu kwa uma akakikoroga humo. Chakula cha mtoto wa umri huu kinapaswa kuwa kizito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika. Kikiwa maji maji, tumbo lake dogo hujaa kabla hajapata nguvu yoyote. Kikiwa kizito mno, hulainishwa kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa.

Ndizi na avokado ndizo rahisi zaidi: chagua iliyoiva, osha, menya, ponda kwa uma, lisha. Papai huondolewa mbegu zote na kupondwa vivyo hivyo. Tufaha na peasi ni ngumu kwa ufizi wa mtoto, kwa hivyo huchemshwa kwa mvuke hadi zilainike ndipo zipondwe. Na tunda jipya huanzishwa peke yake, kwa siku mbili au tatu, ili mtoto akitokwa na vipele au akitapika ujue ni lipi lililomdhuru. Akivimba uso au akipumua kwa shida, usingoje: mkimbize hospitalini.

Mama alimlisha vijiko vitatu. Cha kwanza mtoto alikitema. Mama alingoja, akamwimbia kidogo, akala yeye kijiko kimoja kwa mbwembwe. Cha pili mtoto alikishikilia mdomoni kama anayefikiri. Cha tatu alikifuata mwenyewe kwa kinywa wazi.

Mabaki nilitaka kuyafunika ili tuyatumie jioni. Mama aliniondolea bakuli mkononi akayala yote. "Chakula kilichoguswa na mate ya mtoto hakingoji," alisema. "Hapa huliwa na mtu mzima au kuku." Kijitabu cha kliniki kinasema jambo lilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Mahali pasipo friji, chakula kilichopondwa hakifai kukaa zaidi ya saa mbili, na kilichobaki baada ya mtoto kulishwa hutupwa au huliwa na mwingine papo hapo.

Ugomvi wa asali

Siku ya pili tulikosana. Ukambani ni nchi ya mizinga, na mama huwa hakosi asali ndani ya nyumba. Alipomaliza kuponda embe alichukua kibuyu, akakiinamisha juu ya bakuli. Nilimshika mkono.

"Mama, asali hapana. Hajafika mwaka mmoja."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Wewe nilikulambisha asali ukiwa na wiki moja," alisema, "na leo unaandika kwenye magazeti."

Nilijaribu kumweleza. Asali, hata iliyo safi kabisa, yaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda bila yeye kujua. Tumbo la mtoto wa chini ya miezi 12 bado halijaweza. Mbegu hizo huweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumua. Na kuichemsha asali jikoni hakuziui. Si kila mtoto aliyelambishwa asali hudhurika, lakini anayedhurika huwa hatarini.

Mama hakujibu. Alikirudisha kibuyu rafuni, akatoka nje, na jioni yote alizungumza na mbuzi kuliko alivyozungumza nami. Nililala nikijilaumu. Nilikuwa nimekuja kuomba msaada, kisha nikamfundisha mama yangu kulea.

Alfajiri nilimkuta akipuliza moto. Alinisogezea kigoda.

"Kaka yako mkubwa hakufika mwaka mmoja," alisema taratibu. Jambo hilo lilijulikana nyumbani lakini halikuwa likisemwa. "Nilimzika, na hakuna aliyeniambia ni nini kilichomchukua. Wakati wetu tulipoteza watoto bila sababu. Kama siku hizi yupo mtu anayejua sababu ya jambo hata moja, na tumsikilize."

Alisimama, akakitia kibuyu ndani ya kasha la nguo. "Atakilamba siku ya kutimiza mwaka," alisema.

Nami, mpenzi msomaji, nilijifunza kwamba katika kulea hakuna mwenye kujua yote. Mama alinianzishia uji nikiwa na miezi mitatu, kama walivyofanya wengi. Hata wataalamu nao walikuwa wakisema miezi minne hadi sita, mpaka mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani liliposhauri maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Elimu hubadilika. Kinachobaki ni masikio ya kuisikia.

Tunda peke yake halitoshi

Somo la mwisho lilitoka kwa mama pia. Siku ya nne nilikuwa nimelewa ushindi. Mtoto alikuwa akila embe asubuhi, embe mchana na embe jioni. Mama alinikatiza. "Unamlea mtoto au unamlea popo?"

Akatoa ndengu mpya, zilizovunwa wiki ile ile, akazichemsha hadi zikapasuka, akaziponda na kuzipitisha kwenye chujio lile lile, akatia tone la mafuta. Kijiko cha ndengu, kijiko cha embe. Sikujua kama mama alikuwa amesomea jambo hilo, lakini hata daktari angempa heko. Embe na papai humpa mtoto vitamini A na C kwa wingi, lakini hazina madini ya chuma ya kutosha wala protini ya kujenga mwili. Ndengu, maharagwe, kunde, yai lililoiva sawasawa, samaki, nyama au maini yaliyosagwa ndiyo yenye kazi hiyo. Na vitamini C iliyo katika tunda huusaidia mwili kulipokea chuma lililo katika ndengu. Tunda na nafaka za kunde ni mke na mume: kila mmoja hufaa zaidi akiwa na mwenzake.

Mtoto wa miezi sita hadi minane hulishwa mara mbili au tatu kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Huanza na vijiko viwili au vitatu na kupanda polepole hadi nusu kikombe. Sharubati haina haja, hata iwe ya nyumbani, kwa sababu hubeba utamu na kuacha nyuma kilicho bora.

Kurudi mjini

Tulikaa siku tisa. Wakati wa kuondoka mama alinijazia kikapu, lakini si kwa maembe mabivu tu. Aliyapanga kwa tabaka. Juu aliweka mawili yaliyoiva, katikati yaliyoanza kugeuka, na chini yaliyokomaa lakini bado ya kijani kibichi, yamefungwa kwa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Ndizi hutoa gesi yake ya asili inayoyasaidia matunda jirani kuiva taratibu. "Yataiva mawili mawili," alisema. "Huhitaji friji. Unahitaji subira."

Hiyo ndiyo siri niliyorudi nayo katika nyumba yetu ya vyumba viwili. Siku hizi sipondi chakula cha kutwa nzima. Nimemwonyesha msichana wangu wa kazi kila hatua, kuanzia sabuni hadi chujio, naye hutayarisha tunda wakati wa kula ufikapo. Ndizi moja hukatwa sehemu mbili: moja ya mtoto, nyingine yake mwenyewe. Hakuna kinachofunikwa, hakuna kinachongoja. Sokoni, nikikutana na embe la manjano lisilo na harufu, nalirudisha mahali pake bila kujali bei. Na msimu wa maembe ukiisha, papai, ndizi na avokado zipo. Bei ya kichupa kimoja cha dukani huko kwetu ingeninunulia maembe ya kumlisha juma zima.

Mwezi wa Februari nilirudi kliniki. Muuguzi alimweka mtoto kwenye mzani, akaandika, akatafuta ile nukta ya zamani. Alikuwa ameongeza gramu 400. Safari hii mstari ulipochorwa, ulipanda.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado kwenye benchi la kliniki. Nilidhani atashangilia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ndengu anakula?"

"Anakula, mama."

"Basi," alisema. "Kibuyu chake kipo kashani."